Mji Mzuri, Maji Mabaya

Somo: 2 Wafalme 2:19-22



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme twasoma habari fupi, aya nne tu, ambayo mara nyingi tunaipita haraka ili tufikie miujiza iliyo mikubwa zaidi. Eliya amekwisha kutwaliwa mbinguni, na Elisha ndiyo kwanza anaanza kazi yake. Watu wa Yeriko wanamwendea na haja yao. Hawamwombi fedha, wala hawamwombi ushindi juu ya adui. Wanamweleza kwamba mji wao umejengwa mahali pa kupendeza, naye mwenyewe analiona hilo kwa macho yake. Ila maji wanayokunywa yana ubaya ndani yake, na kwa sababu hiyo mimba zinaharibika. Elisha anaagiza aletewe bakuli jipya lenye chumvi. Hazunguki nyumba kwa nyumba akitia chumvi katika mitungi ya watu. Anatoka, anakwenda hadi kwenye chemchemi yenyewe, anaitupa chumvi pale, na kutangaza kwa jina la Bwana kwamba maji yale yamepona.

Tumelichagua somo hili kwa sababu sisi nasi tunaishi katika mji unaozidi kupendeza. Tukitazama vijiji vyetu usiku, twaona mwanga mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na giza tupu. Paneli za sola zimewekwa juu ya mabati, juu ya makuti, juu ya zahanati, na juu ya makanisa yetu pia. Yatupasa tuanze kwa shukrani. Wale waliosoma kwa koroboi wanakumbuka moshi uliojaa kifuani na masizi yaliyojaa puani. Wapo wazazi ambao hawatasahau usiku ule koroboi ilipopinduka. Leo mtoto anafanya kazi yake ya shule bila moshi, na mama anajifungua zahanati mkunga akiona anachokifanya. Jua ni mali ya Mungu, naye huwaangazia watu wote, wema na wabaya, bila kumtoza mtu hata senti moja. Mtu asitoke katika mafundisho haya akidhani kwamba tunalaumu taa za sola. La, hasha.

Lakini jua huchwa, na mwanga wa usiku sharti uwekwe akiba mahali fulani. Mahali penyewe ni betri. Zipo betri za namna nyingi siku hizi, lakini nyingi za zile nzito ambazo twaziona chini ya meza katika nyumba za watu, na katika magari yetu, zimetengenezwa kwa risasi na asidi. Tunasema risasi tukiwa na maana ya ile madini yenyewe, laini na nzito, ambayo wavuvi wetu huijua kwa sababu ya chubwi zao. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya namna hii ni risasi. Betri hutumika miaka michache, kisha hufa. Mwenye nyumba huitoa nje, na siku kijana wa vyuma chakavu apitapo na mkokoteni wake, huuziwa kwa bei ndogo, na wote wawili hufurahi. Hapo ndipo habari yetu inapoanza.

Wengi wetu twajua jina la Owino Uhuru, kijiji kilichoko Mikindani, Mombasa, chenye watu yapata 3,000. Karibu na kijiji hicho palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri zilizokufa ili kupata risasi ya kuuzwa nchi za nje. Kazi hiyo kwa maneno yake ni njema. Ni kukiokota kilichotupwa na kukirudisha katika matumizi, ili ardhi isichimbwe tena. Watu wa mazingira wenyewe huisifu. Tena kiwanda kilileta kazi katika mahali palipokuwa na shida ya kazi. Lakini moshi wa kiwanda ulishuka juu ya nyumba, na maji yake yalipita katikati ya njia za watu. Watoto walicheza katika vumbi lile. Wafanya kazi walirudi nyumbani na vumbi katika nguo zao, na wake zao wakazifua.

Mmojawapo wa waliofanya kazi katika kiwanda hicho alikuwa mama kijana, Phyllis Omido. Mtoto wake mchanga akaugua, na madaktari hawakujua ni ugonjwa gani, hata damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Sumu ilimfikia kwa maziwa ya mama yake. Mama huyo aliacha kazi akaanza kusema. Watoto wengine wakapimwa, nao wakaonekana na risasi katika damu. Aliwakusanya majirani, akaandika barua, akazunguka katika ofisi za serikali. Mwaka 2012 alikamatwa kwa ajili ya maandamano. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka uliofuata wenyeji wakaenda mahakamani. Walieleza habari za magonjwa, za vifo, na za mimba zilizoharibika.

Hebu tulitazame neno hilo la mwisho, kisha turudi Yeriko. Watu wa Yeriko nao walilia kwamba mimba haziwi salama kwa sababu ya maji. Si ajabu basi kwamba maneno ya kitabu cha zamani namna ile yanasomeka kana kwamba yaliandikwa Mikindani.

Waganga wanatufundisha kwamba hakuna kipimo cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani limesema hivyo waziwazi. Risasi huingia kwa pumzi na kwa kinywa, na watoto wadogo huathirika kuliko watu wazima, kwa sababu miili yao huipokea kwa wingi zaidi na kwa sababu hutia mikono kinywani. Huharibu ubongo ungali unakua. Mtoto haonekani mgonjwa. Huonekana mzito wa kufahamu, au mkaidi, na pengine hupigwa shuleni kwa kosa lisilo lake. Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru mafigo. Hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi, na mama apatapo mimba hutoka mifupani na kumwendea mtoto tumboni. Tena risasi haiozi. Kiwanda chaweza kufungwa leo, nayo ikabaki katika udongo wajukuu wetu wanamocheza.

Wala Owino Uhuru si peke yake. Huko Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer kandokando ya Dakar, watu walikuwa wakivunja betri kwa mikono kwa miaka mingi. Bei ya risasi ilipopanda, wengine walianza kuchekecha hata mchanga wenyewe ili kuokota chembe zilizobaki. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki katika mtaa huo. Waliochekecha mchanga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa kina mama wakitafuta chakula cha watoto walewale.

Tukitazama upande mwingine, ndugu zetu wa Kolwezi katika Kongo, ambao husali kwa Kiswahili kama sisi, wanaishi juu ya madini ya kobalti. Nchi yao hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, nayo hutumika katika betri za simu na katika nyingi za zile za magari ya umeme. Magari hayo husifiwa kwamba hayatoi moshi katika miji ya Ulaya, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi familia za Kolwezi zilivyoondolewa katika nyumba na mashamba yao ili migodi ipanuliwe. Mtu akisoma 1 Wafalme 21, atamkuta Nabothi pale, na shamba lake la mizabibu lililokuwa karibu mno na jumba la mfalme.

Basi, ndugu wapendwa, Neno la Mungu latuambia nini?

Jambo la kwanza, watu wa Yeriko walisema mambo mawili pamoja. Walisema mji ni mzuri, na walisema maji ni mabaya. Hawakuuficha ubaya wa maji kwa sababu ya uzuri wa mji, wala hawakuukana uzuri wa mji kwa sababu ya maji. Sisi hupenda kusema moja tu. Mwenye kuuza husema mwanga huu ni safi, basi. Mwenye uchungu husema maendeleo yote ni laana, basi. Mkristo hana budi kuyasema yote mawili, maana yote mawili ni kweli, na yeye amekatazwa kushuhudia uongo. Kitu hakiwi safi kwa sababu ni safi nyumbani kwetu. Tukiuondoa moshi sebuleni kwetu nao ukaenda kwa jirani, hatujauondoa, tumeuhamisha.

Jambo la pili, Elisha alikwenda kwenye chemchemi. Ingekuwa rahisi zaidi kuwaombea wagonjwa mmoja mmoja, na bila shaka kuwaombea ni wajibu. Lakini maji yaliharibika huko juu yatokako. Hakuwaambia watu wa Yeriko waache kunywa maji, kwa maana mtu hawezi kuishi bila maji. Hakuwaambia wauhame mji. Hapa tunalijibu swali ambalo vijana wetu hutuuliza kwa haki: kiwanda kikifungwa, sisi tutakula nini? Risasi yaweza kuyeyushwa pasipo kuua. Viko viwanda ambamo betri huvunjwa ndani ya mashine zilizofungwa, asidi huzimuliwa isichome, moshi huchujwa, wafanya kazi huacha nguo zao za kazi kiwandani na kuoga kabla ya kwenda kwao, na damu yao hupimwa mara kwa mara. Gharama yake ni kubwa zaidi, nayo sharti ilipwe na mtu. Asipoilipa mwenye kiwanda, wala asipoilipa mnunuzi, mtoto wa jirani atailipa kwa akili yake. Kuiponya chemchemi ni kuhakikisha kwamba gharama inalipwa na mwenye faida.

Jambo la tatu, Elisha aliwaomba wao walete chumvi. Bwana ndiye aliyeyaponya maji, na Elisha alilitangaza hilo ili mtu asije akamsifu yeye. Hata hivyo bakuli lilikuwa lao, na chumvi ilitoka majikoni mwao. Mungu hutenda, nasi hatuketi tu.

Chumvi ya wenyeji wa Owino Uhuru ilikuwa ni kutokuchoka. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa iliamua kwamba walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ilisema kwamba ofisi za serikali zilizopaswa kuwalinda nazo zina hatia, si kiwanda peke yake. Mnamo Juni 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri ile ya fidia. Wengine wangekwenda nyumbani. Wao wakaenda mbele, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Tangu siku mtoto yule alipougua ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi. Katika Luka 18 Bwana wetu alitusimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi tena na tena, hata kadhi asiyemcha Mungu akampa haki yake. Twahubiri juu ya mjane huyo tunapofundisha kuomba bila kukata tamaa, nasi tunafanya vyema. Lakini tusisahau kwamba jambo alilolitafuta lilikuwa hukumu ya haki juu ya mtu aliyemdhulumu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kuidai haki hiyo si fujo, wala si ukosefu wa imani.

Huenda mtu akasema kwamba kazi ya Kanisa ni kuhubiri Injili, na mambo ya betri yaachiwe serikali. Twajibu kwa upole kwamba tunapombatiza mtoto tunaahidi mbele za Mungu kumlea. Hatuwezi kumtia maji ya ubatizo Jumapili, na Jumatatu tukanyamaza juu ya maji anayoyanywa. Wala Mungu hakumweka mwanadamu bustanini ailime tu. Alimpa na kazi ya kuitunza, kama tusomavyo katika Mwanzo 2:15. Kazi hizo mbili alipewa siku moja.

Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, nasi tunayaweka mbele yenu, tukiomba yazungumzwe katika mabaraza ya parishi, katika Umoja wa Akina Mama, na katika mikutano ya vijana.

Kanisa, shule au zahanati inaponunua betri, tumwulize mwenye duka kabla ya kutoa fedha kama atairudisha ikifa, na ataipeleka wapi. Betri ya zamani tumrudishie yeye, au tumpe mwenye leseni ya kazi hiyo. Tuwe tayari kupata fedha kidogo pungufu kuliko zile za mkokoteni. Parishi yaweza kutenga mahali pamoja penye paa na sakafu ya saruji, mbali na watoto na mbali na kisima, ambapo waumini wataziweka betri zao zilizokufa zikiwa zimesimama wima na hazijapasuliwa, hata zipatikane nyingi za kutosha kumwita mchukuzi wa halali.

Betri isivunjwe uani. Asidi yake isimwagwe chini. Sanduku lake lisioshwe na kutiwa maji ya kunywa wala ya mifugo. Wavuvi wanaoyeyusha risasi kwa ajili ya chubwi wasiifanye kazi hiyo jikoni, wala katika sufuria itakayopikiwa, wala mbele ya watoto na mama wajawazito. Vijana wa vyuma chakavu tusiwafukuze kama wezi. Wao ndio wanaodhurika kwanza, nao wanastahili kuelezwa habari hizi kwa heshima, tena kwa lugha wanayoielewa. Mtoto anayeishi karibu na kazi ya namna hii, akionekana kudhoofika au kuzubaa, mzazi amwambie mganga neno hili risasi, ili damu ipimwe. Mganga asiyeambiwa hawezi kukisia.

Na kiwanda kitakapokuja katika wilaya yetu, kama vitakavyokuja, tusingoje mpaka moshi uonekane. Tuulize mapema, katika baraza la chifu na mbele ya maofisa wa mazingira: maji yake yatapita wapi, moshi utaelekea kwa nani, na ni nani atakayepima. Maswali hayo si ya uadui. Mwenye kiwanda mwaminifu atayajibu, na asiyetaka kuyajibu amekwisha kujibu.

Tumalizie kwa habari za Daudi, katika 2 Samweli 23. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapita katikati ya adui wakamletea. Maji yalikuwa safi, naye alikuwa na kiu. Lakini alipofikiri jinsi yalivyopatikana, aliona ni kama kunywa damu ya watu wale, akayamimina mbele za Bwana. Sisi hatutaombwa tuzime taa zetu. Twaombwa tufikiri kama Daudi alivyofikiri: kitu hiki kilicho mkononi mwangu kimepita kwa nani kabla ya kunifikia mimi, na kitakwenda kwa nani kikitoka kwangu? Mtu ajiulizaye hivyo kila anunuapo na kila atupapo amekwisha kutoka mjini na kushika njia ya chemchemi, bakuli lake mkononi.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeumba jua litupe nuru na maji yatupe uhai, twakushukuru kwa mwanga ulioingia katika nyumba zetu. Twawaweka mikononi mwako watoto ambao miili yao ina sumu isiyoonekana, na wazazi waliowazika watoto wao. Uwape hekima wenye kutawala, moyo wa haki wenye viwanda, na saburi wale wanaongoja haki yao. Utufundishe kuupenda udongo wa jirani kama tuupendavyo wa kwetu, na uyaponye maji yetu tangu chemchemi yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.